Mtu wa Jumanne

Wiki ile majibu yalipotoka, watu 17 waliniambia sentensi moja: "Ukihitaji chochote, usisite kuniambia." Niliwahesabu usiku, maana usingizi ulikuwa umenihama na kichwa kilitafuta cha kushika. Wote walisema kwa moyo safi. Wote niliwajibu, "Asante sana, nitakwambia." Sikumwambia hata mmoja.

Kiburi kilikuwemo, sikatai. Mimi ni mzaliwa wa kwanza. Nimezoea kupigiwa simu na wenye shida, si kupiga. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo wakati ule sikuweza kulieleza. Ili uombe msaada, lazima kwanza ujue unachohitaji, kisha ujue nani anakiweza, kisha ubahatishe kama ana nafasi, kisha utafute maneno yasiyomlemea yeye wala kukudhalilisha wewe. Mtu aliyetoka kuambiwa ana saratani ya titi hana kichwa cha kazi hiyo. Ile sentensi nzuri ilikuwa ikiniongezea kazi.

Mtu wa 18 hakuisema. Alikuwa mhasibu pale kazini, vyumba vitatu kutoka changu, mwanamke aliyenizidi miaka kama kumi. Tulikuwa tunasalimiana kwenye ngazi, basi. Alikuja akasimama kando ya meza yangu.

"Damu unapimwa siku gani?"

"Jumanne."

"Saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi. Lakini dada, usijisumbue, mimi naweza..."

"Jumanne ni yangu," akasema, akarudi kwenye mahesabu yake.

Jumanne iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari lake lilikuwa nje ya geti. Hakupiga honi. Mwanangu, aliyekuwa na miaka 11, alichungulia dirishani akasema, "Mama, yule mtu wa Jumanne amefika." Jina likabaki hilo.

Nilikuwa na miaka 43. Uvimbe ulikuwa wa sentimita mbili na nusu, titi la kushoto. Daktari wa upasuaji aliutoa pamoja na tezi za kwapani, na mbili kati ya tezi hizo zikakutwa na seli za saratani, ndiyo maana kisu peke yake hakikutosha. Nilipangiwa dozi 4 za mseto wa dawa mbili, doksorubisini na saiklofosfamaidi, moja kila baada ya wiki 3. Halafu dozi 12 za paklitakseli, moja kila wiki. Halafu mionzi siku 15. Na mwisho kidonge cha tamoksifeni kila siku kwa miaka isiyopungua 5, kwa kuwa uvimbe wangu ulikuwa wa aina inayolishwa na homoni ya estrojeni. Daktari aliandika yote hayo kwenye karatasi moja. Niliisoma mara nyingi na kila mara nilifika mwisho nikiwa nimesahau mwanzo.

Mwanangu ndiye aliyeipa karatasi ile umbo. Alikuwa amesoma mahali kwamba neno saratani limetoka kwenye Kiarabu na maana yake ni kaa, yule wa baharini, na kwamba Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa huu hivyo hivyo. Akachora kaa mkubwa, akambandika ukutani. Alikuwa na miguu 16, mguu mmoja kwa kila dozi, na kila dozi ikiisha mguu mmoja unakatwa kwa mkasi. Nikamwambia kaa ana miguu kumi tu, ukihesabu na magando. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Huyu ni kaa mgonjwa."

Doksorubisini ni nyekundu. Wagonjwa wanaisema vibaya sana, na kweli inatisha, hasa siku ya kwanza unapokwenda msalani na kuona mkojo umegeuka rangi. Lakini kuna jambo kuhusu dawa hiyo ambalo mpaka leo nalikumbuka kwa shukrani. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, kwa hiyo nilipotibiwa mimi haikutundikwa na kuachwa idondoke yenyewe. Muuguzi aliketi kando yangu akaisukuma kwa bomba la sindano polepole, akisimama kila mara kuhakikisha damu bado inarudi vizuri kwenye kanula, ule mrija mdogo wa mshipani. Dakika zote hizo hawezi kuondoka. Hawezi kuitwa kwingine. Kwa dozi 4 nilikuwa na binadamu mmoja aliyeshika mkono wangu kwa sababu dawa yenyewe haikumruhusu kuuachia, na nilikuja kugundua kwamba nilikuwa naingoja sehemu hiyo ya siku.

Nyumbani, mdogo wangu alibandika jedwali jikoni: nani anamchukua mtoto shule, nani analeta chakula, nani analala kwetu siku ya tatu baada ya dozi. Siku ya tatu ndiyo mbaya. Mbili za kwanza unabebwa na dawa za kuzuia kichefuchefu, unajiona shujaa, unapanga mpaka makabati. Zikiisha nguvu, unaanguka. Mstari wa mwisho wa jedwali aliuandika kwa kalamu nyekundu: HOMA 38, HOSPITALI, HATA USIKU WA MANANE.

Mstari huo una sababu yake. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne hivi baada ya dozi, chembe nyeupe za damu huwa zimeshuka kabisa, na kijidudu ambacho kwa mtu mwenye afya kingeleta mafua tu kinaweza kumuua mgonjwa kabla hakujapambazuka. Nilielezwa. Nilielewa. Usiku wa siku ya kumi baada ya dozi ya pili nikaamka na baridi, nikajipima: 38.4. Nikajipima tena. Kisha nikakirudisha kipimajoto kwenye droo taratibu, droo isilie, nikalala chali nikisubiri asubuhi ifike ili nisimwamshe mtu. Mume wangu alikuwa hajapata usingizi kamili kwa wiki nzima. Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza amerudi kwake. Jirani mwenye gari ana mtoto mchanga. Nilipitisha majina yote kichwani na kila jina nilikuwa na sababu ya kulihurumia.

Mume wangu aliisikia droo. Nilikaa wodini siku 4 nikiwekewa antibiotiki kwenye mshipa. Daktari wa zamu aliniuliza homa ilianza saa ngapi. Nilipomwambia, alinitazama kwa muda kisha akaandika bila kusema neno. Saratani ilikuwa na miezi ikinifanyia kazi yake. Adabu yangu ilitaka kumaliza kazi hiyo kwa usiku mmoja.

Baada ya hapo nilianza kujifunza kupokea, na nasema kujifunza kwa sababu lilikuwa jambo gumu lenye makosa. Nilikuwa nikiletewa chakula nataka kurudisha chombo siku hiyo hiyo, kikiwa na kitu ndani. Nilikuwa nikitembelewa najipaka mafuta usoni, nakaa wima, nawafariji wageni. Wakiondoka nalala kwa muda wa saa tatu. Mdogo wangu ndiye aliyenikataza. Alisimama mlangoni akaanza kuwaambia watu, "Dada amelala, lakini kuna nguo za kukunja," na ajabu ni kwamba wengi walifurahi. Walikuwa wamekuja wakiwa hawajui mikono yao waiweke wapi.

Si kila aliyekuja alinisaidia. Wapo waliokuja na habari ya binamu aliyekuwa na ugonjwa huu huu, wanaanza vizuri, halafu katikati ya hadithi wanakumbuka inavyoishia. Wapo walioleta mizizi na maji ya majani, na hao sikuwachukia, lakini nilimwonyesha daktari kila chupa, naye alizikataa karibu zote, kwa kuwa baadhi ya mimea hubadilisha jinsi ini linavyoichakata dawa. Walionichosha kuliko wote ni wale wa kusema, "Usilie. Ukikata tamaa tu, ugonjwa umekushinda." Maneno haya yanaonekana ni ya kutia moyo. Kwangu yalikuwa mashtaka. Kila nilipolia chooni nilidhani ninalisha uvimbe.

Aliyenitoa hapo alikuwa mshauri wa wagonjwa pale hospitalini, mzee mpole aliyependa kueleza mambo kwa mapana. Aliniambia kwamba mwaka 1989 daktari wa akili wa Marekani, David Spiegel, alichapisha utafiti kuhusu wanawake ambao saratani ya titi ilikuwa imeshawaenea mwilini. Waliokuwa wakikutana kila wiki kwenye kikundi cha kuzungumza waliishi kwa wastani wa miezi karibu 37, na wasiokutana karibu 19. Watu wengi walisikia habari hiyo wakaishia hapo. Lakini mwaka 2001 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Pamela Goodwin walirudia jambo hilo kwa wanawake wengi zaidi, wakakuta kwamba kikundi hakikuongeza maisha. Ila waliokuwa kwenye kikundi walihisi maumivu pungufu kuliko wenzao, na dhiki ya moyo ilipungua, hasa kwa walioingia wakiwa wameelemewa.

Mzee alidhani atakuwa amenivunja moyo. Mimi nilitamani kumkumbatia. Kama furaha yangu haiponyi, basi machozi yangu hayaui. Na kama watu hawana kazi ya kuniponya, kazi hiyo ni ya dawa, basi wanaweza kupumzika na kuwa watu tu.

Dozi ya nne ilikawia. Nilipimwa Jumanne kama kawaida, matokeo yakatoka chembe nyeupe hazijapanda za kutosha, nikaambiwa nirudi wiki ijayo. Ni jambo dogo sana kwa daktari. Hutokea mara nyingi. Kwangu ilikuwa kama mbingu imeanguka, kwa sababu nilikuwa nahesabu siku kama mfungwa na sasa mtu ameongeza 7. Nikaingia garini nikamwambia Mtu wa Jumanne, kisha nikaanza kulia kilio cha sauti, kamasi na yote, mbele ya mwanamke ambaye nusu mwaka nyuma nilikuwa simfahamu vizuri.

Hakuniambia ninyamaze. Hakusema Mungu ana makusudi. Alizima gari. Tulikaa pale kwenye maegesho, watu wanapita, jua linapanda juu ya kioo. Baada ya muda ambao siwezi kuukadiria, akauliza, "Tukae, au twende?"

"Tukae."

Tukakaa. Aliuliza tena baadaye, kwa sauti ile ile, na mara ya pili nikasema twende. Nimefikiria sana swali lile tangu siku hiyo. Kwa miezi nilikuwa nikiambiwa lini nile, lini nisile, lini nivue, lini ninyooshe mkono. Yeye alinirudishia uamuzi mmoja, mdogo, ambao niliuweza.

Nyumbani mwanangu alishika mkasi, akaambiwa leo hakuna mguu. Akamtazama kaa kwa hasira, akaenda kulala bila kula.

Paklitakseli ilikuwa ya kila wiki, na kwa sababu hiyo ilinipa watu. Viti vilikuwa vimepangwa duara, na tuliozoea siku moja tulikuwa wanne. Mmoja alikuwa ameshafika dozi ya nane mimi nilipoanza, na kwetu alikuwa kama nyakanga, yule mkufunzi wa unyagoni: alijua kila kitu. Kijiko cha plastiki, maana cha chuma kinaongeza ladha ya chuma mdomoni. Mswaki laini, na kusukutua kwa maji ya chumvi na magadi ya kuokea ili vidonda vya mdomo visikolee. Kufunga vifungo mapema asubuhi kabla hujaharakishwa, kwa sababu ganzi itakuja kwenye ncha za vidole, na utashangaa jinsi kifungo kinavyoweza kukuliza. Daktari alikuwa ameshaniambia kuhusu ganzi. Hakuniambia kuhusu kifungo.

Mwaka 1952 mwanamke mmoja wa Marekani, Terese Lasser, aliyekuwa ameondolewa titi, alianza kuwatembelea wodini wanawake waliotoka kufanyiwa upasuaji kama wake, na kutoka hapo ukazaliwa mpango wa wagonjwa kutembeleana ambao umeenea nchi nyingi. Mzee mshauri aliponisimulia, nilimwelewa Terese huyo mara moja, kwa sababu ya kile kifungo.

Wiki moja kiti cha nyakanga wetu kilikuwa kitupu. Tulijua alikuwa amebakiza dozi mbili. Tukamuuliza muuguzi, akasema hawezi kuzungumzia mgonjwa mwingine, na uso wake ukabaki umefungwa vizuri. Siku hiyo hakuna aliyekaa pale. Wiki iliyofuata alikaa msichana mpya, nywele zake bado nyingi, akiuliza kama inauma. Tukaanza kumweleza habari za kijiko.

Kuna mtu wa karibu yangu kwa miaka ishirini ambaye hakuonekana. Alipiga simu mara mbili mwanzoni, kisha kimya. Nilijiambia ile methali ambayo kila mtu anaijua, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nikamfuta. Nilimfuta kwa raha, nikiri. Ugonjwa unakupa haki ya kuhukumu na mimi niliitumia. Alikuja nilipokuwa kwenye wiki ya mwisho ya mionzi, ngozi ya kifua imebabuka na kuwa nyeusi, akasimama mlangoni hataki kukaa. Akasema alikuwa akifika mpaka kwenye kona ya barabara yetu, anageuza gari. Mama yake alikufa kwa ugonjwa huu yeye akiwa na miaka 15, na ndiye aliyekuwa akimwosha.

Nilikuwa najua. Aliwahi kuniambia, zamani, usiku mmoja tulipokuwa bado wasichana. Katika miezi yote ile ya kumhukumu sikuwahi kulikumbuka hilo hata mara moja. Methali ile siipendi tena kama zamani. Urafiki wetu haujarudi ulivyokuwa, lakini tunapigiana simu, na hatuzungumzii kona ya barabara.

Jedwali la mdogo wangu lilikuwa na majina ya watu tisa. Mume wangu hakuwemo. Alikuwa ndiye ukuta lilipobandikwa. Wageni wote walimpita mlangoni wakiuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" naye akajibu vizuri, anaendelea vizuri. Usiku bomba la bafuni lilikuwa likiachwa wazi muda mrefu kuliko uso wa mtu unavyohitaji kunawa. Nilisikia. Nilikuwa na nguvu za kusikia tu.

Jumanne moja, Mtu wa Jumanne alinishusha nyumbani, mume wangu akatoka kupokea mkoba. Dada yule akamtazama akamuuliza, "Na wewe, shemeji, jana ulilala?" Basi. Mume wangu alifungua mdomo atoe lile jibu lake, halikutoka. Akageuka akaenda nyuma ya nyumba. Mimi nikataka kumfuata, dada akanishika kiwiko. Alimfuata yeye. Sijui walizungumza nini. Mpaka leo hajanisimulia, na sijauliza. Jioni mdogo wangu alichukua kalamu akaongeza mstari kwenye jedwali: Jumamosi mchana, baba anatoka nje, asiulizwe anakwenda wapi.

Kaa aliisha miguu yote 16. Mwanangu alitaka kumchoma moto, nikamwomba anipe. Gamba lake lile limo kwenye droo ya kipimajoto. Nywele zilirudi za mviringo, laini kama za mtoto, zikanichekesha. Ganzi imebaki kwenye vidole viwili vya mguu wa kulia. Tamoksifeni naimeza kila usiku, na kila ninapokwenda kupigwa picha ya matiti siku tatu kabla huwa sifai kuzungumza na mtu, jambo ambalo nyumbani kila mtu analijua na hakuna anayenishauri nisiwaze.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja kazini, kijana wa idara ya usafirishaji, aliambiwa ana limfoma, saratani ya mfumo wa limfu. Nilikwenda mezani kwake nikiwa nimejiandaa. Nilipomwona uso, yote niliyoyaandaa yakatoka kichwani, nikajisikia nikianza: "Ukihitaji cho..."

Nikakohoa.

"Damu unapimwa siku gani?"

"Alhamisi."

Alhamisi ndiyo siku yangu mbaya kuliko zote. Vikao vinaanza saa mbili kamili na bosi anahesabu vichwa. "Saa ngapi?"

"Saa moja. Ila dada, usijisumbue, naweza kupanda..."

"Alhamisi ni yangu," nikasema, nikaondoka haraka kwenda kutafuta mtu wa kubadilishana naye kikao.